Kupima nguvu ya antena isiyo na soketi: shajara ya mradi wetu, Arusha

26 Mei, Njiro

Mezani kwetu kuna karatasi tatu za sifa kutoka kwa watengenezaji watatu wa antena amilifu za 5G, yaani zenye redio ndani ya boksi lao, na zote tatu zimeandikwa namba ileile: 78 dBm (dBm ni nguvu kwa desibeli, ikihesabiwa kuanzia miliwati moja). Mteja wetu anajenga minara mikoa ya kaskazini, na ametuuliza swali fupi tu: ipi yenye nguvu zaidi?

Tumekaa nalo tangu asubuhi. Wa kwanza ametaja nguvu ya mwale mwembamba kuliko yote, ukiwa umetazama mbele moja kwa moja. Wa pili amechora miale yote juu ya karatasi moja, akazungushia mstari kwa nje, kisha akataja ncha ya huo mstari. Wa tatu kaweka tanbihi kwa maandishi madogo, "thamani ya kawaida", bila kusema kawaida ya mwale upi wala ya joto gani.

Aliyewahi kununua viazi soko la Kilombero analijua jambo hili. Gunia ni gunia kwa jina, lakini la huyu limeshonwa mdomo palepale, na la yule limepandishwa kilemba cha wavu juu: lumbesa. Mkulima ndiye anayeumia, na ndiyo maana ikawepo mizani yenye mhuri wa Wakala wa Vipimo. Antena nazo zina mizani yake, imeshaandikwa kitambo, ila huku kwetu wanaoisoma ni wachache, na wanaonunua bila kuisoma ni wengi.

Kwa hiyo mradi ni huu: mwongozo wa Kiswahili wa kusoma na kupima nguvu inayotoka kwenye antena hizi, pamoja na fomu ya tamko ambayo mnunuzi anampa muuzaji aijaze kabla hawajazungumza bei. Hatutaki kuandika mambo ambayo mikono yetu haijayashika, hivyo tumeazima antena moja ya gigahezi 3.5 tuipime wenyewe.

29 Mei

Nimeandika sura ya kwanza: kwa nini kazi imekuwa ngumu.

Zamani redio ilikaa chini kwenye kabati, fida, kebo nene ya kubeba mawimbi, ikapanda mnara, antena ikakaa juu. Ukitaka kujua nguvu unafungua konekta, unafunga mita, unasoma. Antena ilikuja na karatasi yake ya ongezeko, yaani desibeli inazozidisha kwa kukusanya nguvu upande mmoja, unajumlisha, basi. Baadaye redio ikapandishwa juu, fida ikapotea, zikabaki jampa, kebo fupi za kuunganishia. Soketi bado ilikuwepo.

Antena amilifu imezimeza zote. Hii tuliyoazima ina transiva 64, redio ndogo za kurusha na kupokea, ndani ya boksi moja lenye urefu wa sentimita 80 na upana wa sentimita 40. Ukifungua mfuniko wa mbele unakuta vipande 192 vya kurushia mawimbi, safu 12 kwenda juu na 8 kwenda pembeni, kila mahali viwili vilivyokatizana kama alama ya kuzidisha. Hakuna pa kufunga mita. Na hata soketi 64 zingekuwepo, kuzipima moja moja kusingekuambia mwale unafika wapi na nguvu gani, kwa sababu mwale hauzaliwi ndani ya boksi. Unazaliwa hewani, mawimbi ya transiva zote yanapokutana yakiwa yamepishana awamu kwa hesabu maalumu. Awamu zikikosewa, transiva 64 nzima kabisa zinakupa mwale mbovu.

3GPP, chombo kinachoandika viwango vya mitandao ya simu, ililiona hili mapema. Katika Toleo la 13, lililokamilika mwaka 2016, ikaleta waraka wa TS 37.105 kwa ajili ya vituo vyenye antena amilifu. Ndani yake mambo mawili tu yalitakiwa kupimwa hewani: nguvu inayorushwa, na usikivu wa kupokea. Mengine yote yaliendelea kupimwa kwenye mpaka wa ndani kati ya transiva na antena. Toleo la 15 likaenda mbali zaidi, likaruhusu kituo kizima kipimwe hewani tu. Kwa 5G mambo yamepangwa katika TS 38.104 kwa aina nne: 1-C yenye soketi kama zamani, 1-H yenye soketi za ndani na vipimo vichache vya hewani, 1-O isiyo na soketi kabisa, na 2-O ya masafa yanayoanzia gigahezi 24.25. Kule juu hakuna chaguo: kila kitu hewani.

Ya kwetu ni 1-H. Soketi zake za ndani anazifikia mtengenezaji kiwandani, wewe uliyeinunua huna njia ya kuzifikia.

5 Juni, Ngaramtoni

Tumepata uwanja. Mzee mmoja ana shamba la mahindi upande wa chini, tambarare, bila nyaya za umeme karibu, na mnara wa simu ulio jirani umefichwa na mgongo wa kilima. Baada ya shikamoo na kikombe cha chai ya maziwa akauliza moja kwa moja:

"Hicho kitu chenu, vijana wangu, hakitakausha mahindi yangu?"

Swali halali, na lilihitaji jibu la namba. Nguvu halisi inayotoka kwenye boksi ni wati 200 hivi, sawa na 53 dBm. Antena inaikusanya upande mmoja kwa ongezeko la desibeli 25, ndiyo unapata 78 dBm. Hii 78 ndiyo EIRP: nguvu ambayo ungehitaji kuimwaga pande zote sawasawa ili aliyesimama katikati ya mwale apate kiasi kilekile. Ukiigeuza ni wati 63,000. Inatisha ukiisoma vibaya. Ukipiga hesabu ya mita 25 unapata wati 8 kwa kila mita ya mraba wakati inarusha. Na kwa kuwa antena hizi hurusha na kupokea kwa zamu, hii yetu ikirusha robo tatu ya muda, wastani unashuka hadi wati 6. Kikomo cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, kwa watu wa kawaida, masafa haya, ni wati 10 kwa mita ya mraba, wastani wa dakika 30. Mpaka wa wati 10 bila kuhesabu zamu unaangukia mita 22.4.

Tukamwambia mahindi hayatakauka, lakini mbele ya antena hapiti mtu wala mbuzi ndani ya mita 35 ikiwa imewashwa, na kamba nyekundu itazungushwa. Akakubali kwa sharti moja, mavuno yakifika tunampisha. Wajukuu zake wamepewa kazi ya kulinda kamba, na wanailinda kuliko sisi.

Kwa nini mita 25? Mawimbi yakitoka kwenye antena pana hayajajipanga bado. Yanahitaji umbali fulani ili yaonekane kama ukuta ulionyooka. Kanuni ya mafundi ni mara mbili ya mraba wa kipimo kikubwa cha antena, gawa kwa urefu wa wimbi. Mshazari wa boksi letu mraba wake ni 0.8, wimbi la gigahezi 3.5 lina urefu wa sentimita 8.57, unapata mita 18.7. Tumeongeza kidogo.

12 Juni

Siku ya maneno. Tumekubaliana "mwale" badala ya "boriti". Boriti ni ya dari. "Vipimo vya hewani" vimepita bila ubishi. "Shaka ya kipimo" imeleta mjadala mrefu, mwenzangu akihofia msomaji ataona tunajishuku. Nimeitetea. Kipimo kisichotaja shaka yake hakijakamilika, na neno linalomfanya msomaji asimame kidogo linafaa zaidi kuliko linaloteleza.

19 Juni, Ngaramtoni

Kipimo cha kwanza. Antena imefungwa juu ya jukwaa la milunda, mita 6 kutoka ardhini. Milunda kwa makusudi, maana mabomba ya chuma yangerudisha mawimbi. Upande wa pili, kimo hichohicho, antena ya kupokelea yenye umbo la pembe, kama tarumbeta, iliyopimwa na maabara, ongezeko lake desibeli 15. Kebo inapoteza desibeli 3. Hewa peke yake, kwa mita 25, inakula desibeli 71.3. Hata hivyo zinabaki karibu 19 dBm zinazofika kwenye mashine, na spektramu analaiza, ndiyo mashine yenyewe ya kusoma nguvu ya mawimbi, hupendi iione hiyo namba, hivyo tumeweka kipunguzi cha desibeli 30 mbele yake. Kila konekta imekazwa kwa spana ya kipimo, ile inayolia "tak" mkono ukifika kiasi. Nilimwona kijana wetu akikaza ya mwisho kwa vidole, nikamrudisha juu. Konekta iliyolegea inakupa namba tofauti kila upepo ukivuma, na utaulaumu upepo.

Mambo mawili tuliyaandaa mapema. La kwanza, kituo kimewekwa kwenye hali ya majaribio: masafa yote yamejazwa, mwale mmoja umefungwa mahali. Kikiachwa na kazi yake ya kawaida kinahamisha mwale mara nyingi kwa sekunde kufuata simu, na wewe unapima kivuli. La pili, mashine inasoma wakati wa kurusha tu. Ukisoma wastani wa muda wote, ile robo ya kupokea inakuibia desibeli 1.25 kimyakimya.

Tukaiacha ipate moto dakika 30, tukasoma.

74.6 dBm.

Tamko ni 78. Kiwango kinaruhusu kituo cha kundi hili kipishane na tamko kwa desibeli 2.2 juu au chini katika hali ya kawaida. Yetu imepungua 3.4. Tukarudia. 74.6. Tukabadilisha kebo. 74.6. Jioni mwenzangu alikuwa ameshaanza kuandika barua ya malalamiko kwa muuzaji, aya mbili, kali na nzuri.

20 Juni

Barua haikuondoka, na namshukuru Mungu.

Usiku nilikuwa naangalia picha ya vile vipande vilivyokatizana. Kimoja kimelala nyuzi 45 kulia, kingine nyuzi 45 kushoto. Kila kimoja kinarusha nusu ya nguvu. Antena yetu ya pembe ilikuwa imesimama wima, kwa hiyo ilikamata sehemu ya wima tu ya yote mawili, ile nusu nyingine ya ulalo ikapita bila kuguswa. Nusu ya nguvu ni desibeli 3. EIRP kwa maana ya kiwango ni jumla ya milalo yote miwili ya mawimbi, wa wima na wa ulalo.

Saa mbili asubuhi tulikuwa shambani na umande bado uko kwenye majani. Tulilegeza skrubu nne, tukaizungusha pembe nyuzi 90, tukakaza. Ulalo: 74.4. Sasa, hizi hazijumlishwi kama zilivyo. Unazirudisha kwenye wati, unajumlisha wati, unarudi kwenye desibeli: 77.5 dBm. Pungufu ya nusu desibeli tu. Antena ni nzima.

Nimeandika kurasa tatu juu ya jambo hili moja kwenye mwongozo, na mchoro wa pembe ikiwa wima na ikiwa imelala. Mhariri wetu anaona ni nyingi. Lakini nafikiria mafundi wangapi wamewahi kuikataa antena nzuri kwa desibeli 3 ambazo zilikuwepo hapo hapo hewani, na wangapi, kinyume chake, wamejumlisha mara mbili wakaipitisha mbovu. Kurasa zitabaki tatu.

3 Julai

Baridi ya Julai ya huku chini ya Meru, ukungu hadi saa tano, wino wa kalamu unagoma. Tumefanya kazi ya kulenga tu. Mwale wetu una upana wa nyuzi 13 hivi kwenda pembeni lakini kwenda juu na chini ni nyuzi 6. Ukikosea nyuzi moja pembeni unapoteza desibeli 0.07, huioni. Ukikosea nyuzi moja juu au chini unapoteza 0.33. Milunda inapinda kadiri inavyokauka, kwa hiyo kila asubuhi tunapima wima kwa timazi kabla ya kuwasha chochote.

28 Julai

Mzee amevuna. Mabua yameondolewa, shamba jeupe. Tulifurahi tukidhani sasa namba zitatulia, maana hakuna tena majani yanayotikisika mbele.

Kila siku tunafanya jaribio la kupandisha pembe polepole sentimita 60, tukiandika namba kila sentimita 2. Ardhi ikirudisha mawimbi, yale yaliyogonga chini yanakutana na yaliyokuja moja kwa moja, mahali fulani yanasaidiana, mahali fulani yanafutana. Kwa umbali na kimo chetu, mzunguko wa kupanda na kushuka ni sentimita 20. Mahindi yalipokuwepo tofauti ya juu na chini ilikuwa desibeli 1.0. Leo ni 1.9.

Mahindi ndiyo yalikuwa yakitusaidia! Majani na mabua yalitawanya na kunyonya yale mawimbi ya chini. Ardhi tupu, na juzi imenyesha mvua ya rasharasha, inarudisha kama sinia. Wimbi la kurudi likiwa desibeli 20 chini ya lile la moja kwa moja, linakuzungusha 0.8 juu na 0.9 chini. Tuko hapo hapo, zaidi kidogo.

6 Agosti

Tumejenga uzio. Vimo vya antena zote mbili ni sawa, hivyo mahali pa kugonga ardhi ni katikati kabisa, mita 12.5. Hapo tumesimamisha wavu wa kuku wenye matundu ya nusu inchi, matundu madogo kiasi kwamba wimbi la sentimita 8.6 haliyaoni, urefu wa mita 3 kwenda juu na upana wa mita 8. Njia ya moja kwa moja inapita mita 3 juu ya ncha ya wavu, na inahitaji nafasi ya sentimita 73 tu kuzunguka mstari wake hapo katikati, kwa hiyo uzio hauigusi.

Kupandisha pembe tena: tofauti imeshuka hadi 0.6.

Ndipo tukapiga hesabu ya shaka kwa mara ya kwanza kwa moyo mmoja. Kila chanzo kina kiasi chake: cheti cha pembe 0.35, mashine yenyewe 0.45, kebo na kipunguzi 0.20, kulenga 0.20, joto la asubuhi na mchana 0.25, na ardhi. Unachukua mraba wa kila moja, unajumlisha, unatoa kipeo, unazidisha kwa 1.96 ili uwe na uhakika wa asilimia 95. Bila uzio, shaka yetu ilikuwa desibeli 1.9. Kwa uzio ni 1.4. Nyaraka za upimaji za 3GPP zinaruhusu maabara shaka isiyozidi 1.3 kwa kipimo hiki, masafa ya kati ya gigahezi 3 na 4.2. Sisi tuko shambani Ngaramtoni tukiwa na wavu wa kuku, na tumekaribia. Hatujafika, na mwongozo unasema hivyo wazi: kipimo chetu kinaweza kumwambia mnunuzi kwamba antena ina kasoro kubwa au haina, lakini hakiwezi kuchukua nafasi ya cheti.

Msomaji wa cheti ajue pia jambo hili. Maabara inaongeza ile shaka iliyoruhusiwa juu ya kikomo, hivyo 2.2 inakuwa 3.5 wakati wa kupima. Antena iliyopungua desibeli 3 inaweza kuwa na cheti halali kabisa mkononi. Mtu anayepanga minara kwa kuamini 78 kamili, halafu anapata 75, atakuta simu za pembezoni mwa kijiji hazishiki, na hakuna aliyevunja kanuni.

13 Agosti

TRP tumeipita haraka, sura fupi. Hii ni nguvu yote inayotoka pande zote ukiizunguka antena kama mpira, na ndiyo kipimo kinachotumika kwa nguvu ya jumla na kwa uchafu unaovujia masafa ya jirani. Sababu yake ni ya haki: uchafu haufuati mwale, unatoka ovyo, kwa hiyo ukiupima upande mmoja tu utamdhulumu mwenye antena au utamdhulumu jirani. Kuipima vizuri kunataka chumba kisicho na mwangwi, kuta zimevikwa sifongo nyeusi zenye ncha, au chumba chenye kioo kikubwa cha kunyoosha mawimbi ili umbali ufupike. Shamba halitoshi. Tumeeleza, tukasonga.

20 Agosti

Leo tumepima pembeni, na kwangu hii ndiyo siku yenye uzito kuliko zote.

Karatasi ya sifa inataja namba moja, ya mbele. Kiwango hakiridhiki na namba moja. Mtengenezaji anatakiwa atamke mwale wa rejea na upande wake, kisha mipaka minne: mbali kabisa kulia, kushoto, juu na chini anakoahidi mwale utafika, pamoja na nguvu yake. Kipimo kinafanywa pande zote tano. Mantiki yake ni kwamba watu hawakai mbele ya mnara. Mnara wa barabara ya kwenda Namanga una duka kulia, shule kushoto, na zahanati mahali ambapo mwale lazima ujipinde kuifikia.

Ukipinda mwale, antena ni kama inajionesha kwa ubavu, eneo lake linapungua. Nyuzi 45 zinakugharimu desibeli 1.5 kwa hesabu tupu, nyuzi 60 zinakugharimu 3, na vifaa halisi huzidi hapo. Ya kwetu, kwa nyuzi 45, imetamkwa 76.2. Tumepata 75.8 kulia na 75.2 kushoto. Zote ndani ya kikomo. Lakini ile 76.2 haikuwa kwenye karatasi ya sifa. Tuliipata ndani ya ripoti ya upimaji, ukurasa wa katikati, baada ya kuiomba mara tatu.

Tamko lipo. Kazi ya kulidai ni ya mnunuzi, na mnunuzi wa huku hajaambiwa kwamba ana haki ya kulidai. 3GPP ina mashirika wabia saba, ya Ulaya, Marekani, China, India, Korea na mawili ya Japani. La Afrika halimo. Viwango vinaandikwa bila sisi mezani, lakini vikishaandikwa ni vyetu sawasawa na vya wengine. Haviwi vyetu mpaka mtu avisome na kuuliza.

2 Septemba, Njiro

Fomu imekamilika, kurasa mbili. Inauliza mwale gani, utambulisho wake; upana wa masafa uliotumika; upande wa rejea; upana wa mwale kwa nusu ya nguvu; ile mipaka minne na EIRP ya kila mmoja; kama namba ni jumla ya milalo miwili; kama ni ya wakati wa kurusha au wastani wa muda; joto; na shaka ya kipimo pamoja na njia iliyotumika. NGMN, umoja wa kampuni za simu, ina mapendekezo yake ya namna ya kutaja sifa za antena amilifu, na tumejitahidi fomu yetu isipingane nayo, ili muuzaji asipate kisingizio cha kujaza mara mbili.

Dada wa manunuzi kwa mteja wetu, ambaye hajasomea redio, aliisoma yote akaweka kidole kwenye mstari wa milalo: "Hapa ndipo ile tatu inapotea, sio?" Ndipo hasa.

Imetumwa kwa wauzaji wote watatu.

17 Septemba

Majibu yamerudi. Wa kwanza amejaza kila mstari, na 78 yake imebaki 78, mwale mwembamba, mbele. Wa pili amejaza, na alipolazimika kutaja mwale mmoja badala ya mstari wa nje, namba yake imekuwa 77.1. Amefanya kwa uungwana, na maelezo ameambatisha.

Wa tatu ameacha mipaka minne wazi. Tumemrudishia fomu.